Upande wa Pili wa Futi

Mwanzoni alidhani ni msumari. Alikuwa ameinasa ncha ya futi kwenye pembe ya chumba cha nyuma, akarudi kinyumenyume hadi ukuta wa pili, akasoma namba, akaiandika. Alipotaka utepe ujirudishe kwenye kasha lake, ukagoma. Akauvuta kidogo. Na kule pembeni, pasipo na mtu wala kitu, utepe nao ukavutwa kidogo, kwa upole, kama mtu anayekwambia ngoja kwanza, sijamaliza.

Akaachia. Futi ikarudi kwa kishindo na kumchapa kidole.

"Vitu vya siku hizi," akajisemea, huku ananyonya kidole. Futi ile alikuwa nayo mwaka wa saba, na hakuwahi kuilalamikia.

Kazini walimwita Bi Futi. Alikuwa mthamini wa majengo: anaingia kwenye nyumba za watu, anapima urefu na upana, anazidisha kwa bei ya mtaa, anatoa uchakavu, anaaga. Mwenye nyumba akimwambia, "Hapa ndipo nilipojifungulia wanangu wote," yeye huandika: chumba cha kulala, kimoja. Mwenye nyumba akianza kulia, yeye huinua macho kuangalia kama dari linavuja. Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na kazi ya kufanya, na machozi hayana kipimo.

Ila nyumba ya siku ile ilikuwa ya mama yake. Taratibu za kazi hazikumruhusu kuithamini, lakini mdogo wake alikuwa amembembeleza kwa simu. Mdogo huyo ukoo mzima ulimwita Meneja, ingawa hakuwahi kuwa meneja wa chochote. Tangu utoto alipenda tu kuwapangia wenzake mambo. Kuna mtu alikitaka kiwanja. Angeibomoa nyumba na kupandisha ghorofa.

"Dada, wewe tupatie tu bei kwa mita ya mraba, tusije tukalaliwa," alisema Meneja. "Mama nitamchukua mimi. Umemwona alivyokonda? Siku akianguka bafuni, nani atamsikia?"

Mama alikuwa amekonda kweli, kanga inamzunguka na kubaki.

Sasa alisimama katika chumba cha nyuma, kidole kinawaka, na harufu ikamjia. Harufu ya saruji mbichi, iliyokorogwa sasa hivi. Nyumba ile ilikuwa kuukuu kuliko ndoa yake, na ndoa yake ilishakufa. Hakuna aliyekoroga saruji pale tangu baba yao.

Baba alikuwa mwashi. Aliijenga nyumba ile chumba kwa chumba, kila alipopata nafasi, na aliyekuwa akimshikia ncha ya futi ni binti yake wa mwisho, Kitinda. Baba husema, "Shika hapo." Kitinda hukimbia hadi pembeni, hubana ncha ukutani kwa vidole vyote kumi, kisha hupiga kelele mtaa mzima usikie: "Nimeshika! Vuta!" Chumba cha nyuma kilikuwa chake. Baba alikipima kwa kitanda chake kidogo. Ukuta ulipofika usawa wa dirisha, homa ikamchukua mtoto. Baba alikaa matanga, akaondoka matangani, akakimalizia chumba kile kwa vipimo vilevile, bila kusema neno. Kitanda wakakiingiza. Tangu hapo hakuna aliyekilalia.

Bi Futi alikuwa ameandika: stoo.

Akapima tena, maana namba ya kwanza hakuiamini. Safari hii hakuinasa ncha popote, aliitupa tu sakafuni iteleze hadi pembeni. Ikateleza. Ikafika. Kisha ikainuka. Ikapanda taratibu ukutani mpaka usawa wa kifua cha mtoto, ikatulia pale, imekazwa. Akasoma namba, na namba ilikuwa pungufu ya ile ya kwanza. Alipokuwa bado anaitazama, ikapungua tena.

Ukuta hausogei. Hilo alilijua kwa kusomea na kwa kufanyia kazi. Kama ukuta hausogei, basi aliyeshika ndiye anayesogea.

Akalitupa kasha, akatoka.

Mama alikuwa uani kwenye stuli, anachambua mchele. Karibu naye palikuwa na sahani mbili zilizooshwa, moja kubwa, moja ndogo ya bati.

"Umeshamaliza?" aliuliza bila kuinua kichwa. "Na kile cha nyuma umekiandikaje?"

"Stoo, mama."

"Kifute."

"Mama, kwa ukubwa wake hakihesabiki kuwa chumba. Ndivyo tunavyofanya kwa..."

"Nyinyi mnaofanya hamkukijenga. Kifute."

Bi Futi akachuchumaa karibu yake. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, jinsi ilivyoshuka. "Mama, mle ndani mna kitu. Kimenishikia futi."

Mama hakushtuka. Alichagua kijiwe kwenye ungo, akakirushia mbali.

"Umesema asante?"

Mama akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwa kanga, na kueleza kama mtu anayeeleza alivyompata mpangaji.

"Mwaka aliokufa baba yenu nilitaka kushona pazia la dirisha lile. Nikampigia Meneja, akasema wiki ijayo. Nikakupigia wewe, ukasema mwisho wa mwezi. Sikuwalaumu, mna shughuli zenu. Nikasimama na futi ya baba yenu, ncha hii ninayo, ncha ile haina wa kuishika. Nikasema tu, kwa mazoea: shika hapo, Kitinda." Akaokota punje iliyonasa kwenye kanga. "Ikashikwa."

"Mama. Yule si Kitinda."

"Mimi ni mzee, si mjinga. Mwanangu nilimwosha kwa mikono hii. Najua nilikomlaza." Akamtazama binti yake usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Lakini nikiita, naitikiwa. Wewe huko kwako ukiita, nani anakuitika?"

Huko kwa Bi Futi palikuwa na friji linalonguruma na mlango wenye kufuli mbili.

Aliamua kulala pale. Jua lilipoanza kuzama Mama alipakua chakula, akala matonge mawili, na kilichobaki chote akakijaza kwenye sahani ya bati, akakipeleka chumba cha nyuma. Aliporudi nayo baada ya kitambo, chakula kilikuwa palepale, hakikupungua hata punje. Ila kilikuwa kimelala, kimeingia ukijivu, na kilinuka kama cha juzi. Siafu waliokuwa wakipita kando ya ukuta walifika karibu na sahani, wakageuza njia.

"Ameshiba," alisema Mama, akitabasamu, na mifupa ya mashavu ikamtokeza.

Hapo Bi Futi alielewa mama yake anakonda kwa nini.

Giza lilikuwa halijashika sawasawa, ni ule wakati watu wanawaita watoto waingie ndani, aliposikia mazungumzo. Sauti ya Mama ilikuwa chini, ya kubembeleza, na kila Mama aliponyamaza, kitu kingine kilijibu kwa kinong'ono. Alinyata ukumbini, kiganja kikiuparaza ukuta alioujenga baba yake, harufu ya saruji mbichi ikizidi kwa kila hatua hadi ikamkwama kooni, akachungulia kwenye upenyo wa mlango, na akamwona mama yake amejikunja kwenye kile kitanda cha mtoto, magoti yamefika kidevuni, mkono mmoja ameulaza juu ya kitu kisichoonekana, mkono ule ukipanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama umelazwa juu ya kifua kinachopumua, ilhali Mama mwenyewe alikuwa amebana pumzi asikiamshe.

"Mama," alinong'ona.

Mkono ukaacha kupanda. Sakafuni, karibu na mguu wa kitanda, lilikuwa lile kasha la futi alilolitupa mchana, na utepe ukaanza kutoka wenyewe, krr, krr, krr, ukimfuata mlangoni, umeinuliwa usawa wa kifua cha mtoto, na kabla hajapata hata kupiga kelele alihisi mkono mdogo, wa baridi ya sakafu, unamshika kifundo cha mkono kama Kitinda alivyokuwa akimshika wakivuka barabara, akataka kulia kwa jinsi alivyoukumbuka, mpaka vidole vilipoanza kumzunguka, vikazunguka mara ya kwanza, vikaendelea, vikazunguka mara ya pili.

"Dada," kikasema, kwa sauti ileile aliyoizika. "Mbona umeniandika stoo?"

Hakukumbuka alivyotoka. Asubuhi alijikuta barazani, kifundo cha mkono kina alama mbili nyeusi kama pete, na Mama anampepea kwa kipande cha boksi.

"Hakutaka kukutisha," alisema Mama. "Hakuzoea wageni."

Hilo neno, wageni, lilimchoma kuliko zile pete. Lakini alikuwa ameshaamua. Hata kama mama angemchukia, hakuweza kumwacha aliwe na jini huku akiangalia.

Mganga aliletwa na Meneja kesho yake, jua likiwa juu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkoba begani, miwani imening'inia kifuani, na jambo la kwanza alilosema ni kwamba hakai sana, ana mgonjwa mwingine. Aliingia chumba cha nyuma peke yake, akatoka. Akakifukiza ubani, akatoka tena, anakohoa. Akawaita ndugu wawili pembeni na kuteremsha sauti.

"Hili jini si la kutumwa. Limealikwa. Jini halina sura yake, ndugu zangu, huvaa sura ya yule anayeliliwa. Mimi ubani wangu utalisumbua tu, halitatoka. Aliyelikaribisha ndiye wa kulifukuza. Maneno yenyewe ni machache: wewe si mwanangu, toka."

"Hatasema," alisema Meneja.

"Basi mtamzika, na halitakuwa na haraka."

Meneja akamtazama dada yake. Bi Futi akaenda kupiga magoti mbele ya mama yake. Alizungumza naye kwa muda mrefu. Alimwonyesha mkono wake. Alimwambia tunakuhitaji, alimwambia utakaa karibu na wajukuu zako, alimwambia kila kitu ambacho mtu huambiwa anapotolewa kwake. Mwishoni alisema lile lililofanya kazi: "Mama, mimi pia ni mwanao. Mimi ndiye niliye hai."

Mama akainuka. Wakamshika huku na huku mpaka kwenye mlango wa chumba. Moshi ulikuwa umetanda ndani, na katikati ya moshi, juu ya kitanda, palikuwa na mahali padogo ambapo moshi haukuingia. Palikuwa pameketi, miguu inaning'inia.

"Mama?" pakasema.

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Mganga akamgusa bega.

"Wewe si mwanangu," alisema Mama.

"Mama, nimekosa nini?"

Meneja, mtu mzima na ndevu zake, aligeukia ukuta na kulia. Aliijua sauti ile. Utotoni alikuwa akigombana nayo kila asubuhi kuhusu kiatu.

"Hujakosa kitu," alisema Mama. Kisha akakumbuka alichoambiwa, akashika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. "Wewe si mwanangu. Toka. Toka nyumbani kwangu. Mwanangu alikufa, nilimwosha mwenyewe, wewe si... wewe si..." Na la tatu likamtoka kama kitu kinachong'olewa: "Wewe si mwanangu!"

Dirisha likajibamiza. Moshi ukajaa pale palipokuwa pameketi. Harufu ya saruji ikakatika, na chumba kikawa chumba, kidogo, chenye ufa mmoja na kitanda cha mtoto.

"Limetoka," alisema mganga, akafunga mkoba wake. Pale kizingitini akageuka. "Ila msilie humu ndani. Mkitaka kulia, lieni nje."

Kwa Meneja palikuwa pazuri. Sakafu ya vigae, bafu lenye vyuma vya kushikilia, dirisha linalotazama bustani. Kama Bi Futi angetakiwa kupathamini, pangeishinda nyumba ya Mama mara tatu. Wajukuu walimzunguka siku mbili za kwanza, kisha wakarudi kwenye simu zao. Mama alipewa chakula, akakila chote, kwa utii. Na bado hakunenepa.

Bi Futi alikwenda kumwona kila Jumapili. Alimkuta amekaa palepale, mikono mapajani, na ile mikono iliyokuwa imara kwenye ungo sasa ilitetemeka hata kikombe kikagonga kisahani.

"Pazuri hapa," Mama alimwambia siku moja. "Hakuna kinachoniudhi." Akakiweka kikombe chini. "Ninachokumbuka ni alivyouliza amekosa nini. Nilijua si yeye, mwanangu. Lakini aliyesikia nikimkana alikuwa nani? Mimi masikio yangu yalimsikia Kitinda."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, ndivyo watu husema, na husema hivyo kuonya. Bi Futi aliketi karibu na mama yake akiona kwamba kuna lingine: usingizi wake nao huujui. Alikuwa ameipima nyumba yote. Urefu aliupata, upana aliupata, uchakavu aliutoa. Alichokiita hasara ndicho kilikuwa thamani yenyewe, na alikifukuza kwa ulimi wa Mama mwenyewe. Hesabu ile hakuwa na pa kuirudia.

Mama alifariki kabla ya mvua. Daktari alisema ni moyo. Hakuna aliyebisha.

Baada ya matanga, Meneja alipiga simu akijikohoza. Mnunuzi alikuwa bado anasubiri, na vipimo vya chumba cha nyuma havikuwepo kwenye karatasi. Pale Bi Futi alikuwa amepafuta, kama Mama alivyotaka. Bi Futi akasema atakwenda yeye.

Alikwenda mchana kweupe, watoto wa jirani wakicheza nje. Nyumba ilikuwa tupu, hatua zake zilimrudia kutoka vyumba vyote. Alifika chumba cha nyuma akiwa amejiandaa vizuri: atapima, ataandika, ataondoka. Akaitupa ncha ya futi iteleze hadi pembeni. Kisha akaona, kwenye dirisha, pazia ambalo hakuwa amewahi kulitazama sawasawa. Upindo wake ulikuwa umenyooka kabisa. Mishono midogomidogo, ya mkono, ya mtu aliyekuwa na wa kumshikia.

Alilia. Maonyo ya mganga aliyakumbuka, na alilia. Alilia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia katika nyumba ya mtu yeyote, wiki ijayo na mwisho wa mwezi vikimpanda kifuani, mpaka akahisi futi inakaza mkononi mwake.

Harufu iliyomjia haikuwa saruji. Ilikuwa sabuni ya kufulia, na kanga iliyoanikwa juani.

Kule pembeni ncha iliinuka. Ikapita usawa wa kifua cha mtoto. Ikapanda mpaka usawa wa kiuno cha mtu mzima aliyeinama kidogo, ikasimama hapo, ikitetemeka. Utepe mzima ukatetemeka nayo, ukigongagonga kama kikombe kwenye kisahani.

"Nimeshika," ikasema ile sauti. "Vuta, mwanangu."

Alijua ni nini. Alijua vidole vile vinazunguka mara ngapi. Na maneno aliyajua, yalikuwa manne tu, mfano wa yale aliyomsihi mama yake ayaseme: wewe si mama yangu. Akafungua mdomo. Akajaribu kweli. Ulimi ukagoma, kama futi ilivyogoma siku ile ya kwanza, na akaelewa alichomtaka Mama akifanye, na kwamba Mama alikifanya mara tatu kwa ajili yake.

Simu ikaita. Alipokea kwa mkono uliokuwa mtupu.

"Dada, umeshapima?" Meneja alikuwa na haraka. "Jamaa yuko hapa nami. Ni mita ngapi?"

Bi Futi aliketi chini sakafuni, mgongo ukutani, kasha la futi mapajani. Alitazama namba. Akaitazama tena.

"Inapungua," alinong'ona, na hakuachia.